Mtaa mzima unajua yuko Dodoma, kumbe yumo chumbani

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, tumechangia baba na mama. Ana miaka 24. Nyumba ya mama ipo Ngamiani hapa Tanga. Mimi nimeolewa, nakaa si mbali, nashona nguo za kike. Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la sita, kwa hiyo ada yake ya sekondari ilitoka kwenye cherehani yangu na maandazi ya mama. Sisemi kujisifu, nataka tu ujue kuwa huyu kwangu ni mdogo na ni mtoto.

Alipata chuo Dar. Mwaka wa pili wakapewa kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa. Alinisimulia baadaye kwa meseji, ingawa tulikuwa nyumba moja: mikono ilitetemeka mpaka karatasi ikawa inapiga kelele, sauti ikakata, watu wa nyuma wakaangua kicheko. Mmoja alikuwa anarekodi. Video ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Akaacha semina, akaacha mihadhara, mwisho akawa hatoki hata kwenda kula, anasubiri usiku ananunua mkate. Mwaka juzi alikuja nyumbani kufunga Ramadhani na sisi. Hajarudi tena.

Tangu hapo anakaa chumba cha uani. Mchana mlango umefungwa. Watu wakilala anatoka, anaoga, anasugua masufuria na karai la maandazi, anajaza ndoo zote maji, anarudi ndani. Mama akiamka saa kumi alfajiri kukaanga anakuta jiko linang'aa. Chakula tunamgongea, tunaweka mlangoni. Vocha namnunulia mimi. Simu hapokei, hata yangu, lakini nikimwandikia anajibu papo hapo. Na si kwamba amelala tu. Anatengeneza kadi za harusi za kutuma kwenye simu, nzuri sana. Wateja wangu wa nguo za harusi nawauliza kama wanataka kadi, wananilipa mimi, namrushia hela yake. Wao wanadhani nina mtu wangu Dar.

Watu walipoanza kuuliza, mama alisema amepata kijikazi Dodoma. Sasa mtaa mzima unajua yuko Dodoma. Mgeni akikaa barazani roho zetu juu, asije akakohoa. Mama alimwita shehe nyumbani, akasomewa, akanywa kombe. Alitulia siku chache, akarudi vilevile. Wachache wanaojua wanasema ni bangi. Havuti, nina uhakika.

Kilichonifanya niandike ni harusi. Binti wa Baba Mdogo anaolewa mwezi ujao, hapa hapa Tanga. Kwenye kikao Baba Mdogo alisema kijana lazima asimame mapokezi kama kaka wa bibi harusi, na harusi ikiisha anaondoka naye kwenda kuuza duka lake la vitenge Kariakoo. "Mnamdekeza. Akikataa ng'oeni mlango wa hicho chumba, mtaona kama hatatoka." Baba Mdogo ndiye aliyetushika mkono tangu baba alipofariki, si mtu wa kumjibu hovyo. Mama naye anasema mwacheni, Mungu akipenda atatoka mwenyewe, msije mkamtia wazimu. Anaogopa, maana kuna siku mdogo wangu alimwambia bora angelala tu asiamke.

Nami nimebanwa katikati. Mume wangu amehamishiwa Mbeya na mwisho wa mwaka tunahama. Nikiondoka nani atamgongea, nani atamsemea kwa watu?

Alikuwa mtoto mzima kabisa, Mshauri. Mpole, hana makuu. Hata kwenye daladala alikuwa anaona haya kusema "shusha", anapitishwa kituo, anarudi kwa miguu, tunamcheka. Lakini ugonjwa hakuwa nao. Lile darasa ndilo lililomharibu. Nimlazimishe aende harusini, au nimwache kama mama anavyotaka? Nifanyeje arudi kama zamani?

Dada Mtu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina sentensi moja uliyoipitia haraka, nami naanza na hiyo kabla ya harusi, kabla ya Kariakoo, kabla ya mlango. Ni ile aliyomwambia mama, kwamba bora angelala asiamke. Inawezekana alikuwa amechoka tu siku ile. Inawezekana pia anawaza kujidhuru, na hapo nyumbani hakuna aliyemuuliza tena. Muulize. Uliza kwa maneno ya wazi: "Uliwahi kumwambia mama hivi. Bado unawaza hivyo? Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi wetu tunaogopa kuuliza tukidhani tutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi anapata nafuu kwamba kuna mtu mwingine anajua. Wewe anakujibu kwa meseji, basi muulize kwa meseji. Na ukiona ana mpango, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga, msisubiri asubuhi: kaeni naye, ondoeni dawa na sumu za wadudu ndani ya nyumba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hapo huombi ruhusa ya mtu yeyote, hata yake.

Kama hakuna dalili hizo, mnao muda kidogo wa kufikiri, na yafuatayo yana maana.

Siwezi kumpa mdogo wako jina la ugonjwa kupitia barua. Lakini unavyomweleza, anafanana na watu wenye hofu ya kutazamwa na kupimwa na wenzao, ambayo wataalamu wa afya ya akili wanaitambua kama tatizo kamili. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliiingiza mwaka 1980. Haya ya kawaida humfanya mtu ainamishe kichwa mbele ya wakwe, kisha anazoea, pilau inaliwa. Hofu hii haizoei. Mwenye nayo anaweza kutetemeka kutia sahihi mbele ya karani, kushindwa kupokea simu watu wakimsikia, na akifika nyumbani anarudia usiku kucha kila neno alilotamka akitafuta wapi alichekesha. Na inampata mtu mwenye akili timamu, anayejua kabisa kwamba hofu yake imezidi kipimo. Kujua hakumsaidii.

Unasema alikuwa mzima hadi siku ya darasa. Naomba uitazame upya ile habari ya daladala. Mtoto anayekubali kutembea kituo kizima juani kuliko kutamka neno moja mbele ya abiria, huyo hakuwa mpole tu. Utafiti wa Marekani unaonyesha kuwa hofu hii kwa walio wengi huanza kati ya miaka 8 na 15, na nyumbani inachukuliwa kuwa ni adabu. Kwetu pwani ndiyo kabisa: mtoto asiyesema mbele za watu anasifiwa. Sikulaumu kwa kumcheka, kila nyumba ina kichekesho chake. Ninachokuonyesha ni kwamba darasa lile huenda lilipasua kilichokuwa kimeshajaa, na kwa hiyo kumrudisha "kama zamani" huenda si kumrudisha mahali pazuri kama unavyopakumbuka. Zamani alikuwa anatoka nje, ndiyo. Lakini kwa gharama gani, hilo anajua yeye peke yake. Muulize siku moja ilikuwaje kwenda shule.

Sasa tuje kwenye chumba. Kila mara anaposikia sauti ya mgeni akabaki ndani, moyo unatulia. Utulivu ule ni wa kweli, na ndio unaomfunga, kwa sababu mwili unajifunza kuwa kilichomwokoa ni mlango. Kesho mlango unahitajika zaidi. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza jambo jingine linaloendesha hofu hii: mtu akiwa mbele za watu macho yake yanageuka ndani, anajitazama yeye badala ya kuwatazama wao. Anasikia sauti yake inavyotetemeka, anahesabu jasho lake, kisha anaamini kwamba anavyojisikia ndivyo anavyoonekana. Kofia imeshushwa usoni, mikono mifukoni, jicho kwenye simu; anadhani vinamficha, kumbe vinamnyima nafasi ya kugundua kwamba hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Na nyumba yenu, kwa mapenzi tu, imeongeza mlango wa pili. Kwa mtaa mzima kijana yuko Dodoma. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Tuseme leo amepata ujasiri akasema aende dukani. Akichungulia tu, mama yake ameonekana mwongo mbele ya majirani. Hofu yake ni kutazamwa, ninyi mmefanya kuonekana kwake kuwe kashfa. Nafahamu kwa nini mama alisema vile. Aliona aibu, na alitaka kumkinga. Lakini nadhani hapa ndipo penye kazi yenu ya kwanza kama familia, na kazi hii haimhitaji yeye atoke hata hatua moja.

Kuna kishawishi cha kuuzika uongo huu kwa uongo mwingine: ashuke usiku stendi na begi, asubuhi mseme karudi. Mkifikirie vizuri. Atakutana na maswali. Dodoma kukoje siku hizi? Uko ofisi gani? Mbona umekonda? Mnampa mtu anayeogopa kuhojiwa igizo la kuhojiwa. Njia nyingine ni kauli fupi ya kweli ambayo mama anaweza kuitamka bila kuinamisha uso: "Hakuwa anajisikia vizuri, yupo nyumbani anapumzika, anaendelea vizuri." Basi. Akiulizwa anaumwa nini, "tunashukuru Mungu" inatosha, watu wa Tanga wanaelewa mahali pa kuishia. Mtasemwa wiki mbili tatu, siwafichi. Muulizeni yeye kwanza maneno gani yatumike. Ni habari yake, na pengine litakuwa jambo la kwanza tangu mwaka juzi ambalo ameamua mwenyewe kuhusu watu wa nje.

Harusi. Baba Mdogo si mtu mbaya, na ndani ya hasira yake kuna jambo la kweli: kijana huyu hatapona kwa kukaa ndani. Tiba yenyewe ya hofu hii ni kukutana na kile kinachoogopwa. Ila kukutana nacho kunafanya kazi pale mtu anapokubali mwenyewe, anapojua anaingia wapi, na anapokaa hapo hadi hofu ipungue. Mtu wa kusimama mapokezi anasalimia mamia ya watu, nusu yao ni wazee wanaotaka shikamoo na kisha wanataka kujua uliishia wapi. Akiishiwa pumzi akakimbilia uani mbele ya ukumbi mzima, atakuwa amejifunza somo lile lile la darasani, safari hii na ndugu. Na kamera za harusi zipo kila kona, usisahau hilo kwa mtu aliyechekwa kwenye video.

Mlango ukiondolewa atatoka, Baba Mdogo hakosei. Sijui tu ataelekea wapi. Chumba kile ndicho mahali pekee anapopumua, na atakayemwondolea chumba hicho atakuwa adui kwa muda mrefu, wakati mnamhitaji awaamini. Kwa kijana aliyeshatamka asiamke, mimi ningeogopa sana jambo hilo.

Lakini harusi si lazima iwe yote au hapana. Anaweza kuandaa kadi ya bibi harusi, na jina lake likaandikwa chini. Anaweza kuja nyumbani kwa Baba Mdogo siku moja kabla, usiku, wakati wa kumenya vitunguu, kazi ambayo kila mtu anatazama kisu chake. Anaweza kuja nikahi ikisomwa, akakaa nyuma karibu na njia, akaondoka kabla ya chakula, na mkawa mmekubaliana kabla kwamba kuondoka huko kulipangwa, hakukimbia. Anaweza pia kusema hapana. Mweleze yote haya kwa maandishi, kisha umpe siku kadhaa. Kama jibu ni hapana, harusi ipite. Kuna kazi ndogo zaidi za kuanzia kuliko harusi.

Kuhusu Kariakoo nitasema kifupi. Duka la vitenge ni mteja juu ya mteja, kuitana, kubishana bei. Sisemi hataweza kamwe. Nasema mwezi ujao, kutoka chumbani moja kwa moja hadi mtaa ule, na akiwa mgeni nyumbani kwa mtu aliyetaka kumng'olea mlango, hatari ni kubwa kuliko faida. Kama Baba Mdogo anataka kusaidia, stoo yake haihitaji mtu wa kupanga hesabu za mzigo? Hiyo inaweza kuzungumzwa mwakani.

Na rai ya mama? Kumwacha kuna huruma, na kuna wanaopata nafuu taratibu bila kusukumwa. Lakini kumwacha nako kuna hatari yake. Wajapani wana uzoefu mrefu na vijana wanaojifungia, huwahesabu kuanzia mtu anapokaa ndani miezi 6 au zaidi. Makadirio ya serikali yao yaliyotolewa mwaka 2023 yalifika watu milioni 1.46 wa umri wa miaka 15 hadi 64. Si wote wana hofu hii, sababu ni nyingi. Kilichowashtua Wajapani ni wazazi wa miaka 80 ambao bado wanawapelekea chakula mlangoni watoto wao wa miaka 50. Kila aliyesubiri alikuwa na matumaini kwamba mwaka ujao atatoka. Sikuelezi hili kumtisha mama. Ana haki ya kuogopa kumsukuma. Lakini kati ya kumsukuma na kumwacha kuna nafasi pana.

Nafasi hiyo inaanzia kwenye mambo unayomfanyia. Unasema vocha unanunua wewe, wateja unaongea nao wewe, hela inapitia kwako. Kila moja ni huduma ya upendo, na kila moja inamwambia kimyakimya kuwa hawezi. Usiyakate yote siku moja, itakuwa ni kung'oa mlango kwa njia nyingine. Chagueni moja pamoja. Mimi ningetazama kadi za harusi kwanza, kwa sababu hapo ana kitu anachokijua kuliko mteja. Mteja wako mmoja, mpole, apewe namba yake na amwandikie moja kwa moja kuhusu rangi na majina. Hapo ni maandishi tu. Baadaye ujumbe wa sauti wa sekunde chache. Baadaye simu. Katikati atakuja mteja msumbufu atakayesema kadi haijapendeza, nami nakwambia mapema usiingilie. Akishughulika na mteja msumbufu akabaki mzima, atakuwa amepata kitu ambacho wewe huwezi kumpa.

Kwa upande wa kutoka, muombe aandike mwenyewe orodha ya mambo yanayomwogopesha, kutoka dogo hadi kubwa. Utashangaa. Unaweza kudhani duka ni jepesi, kumbe kati ya nyumba yenu na duka kuna baraza tano za wazee, na kila baraza ni salamu, na kila salamu ni macho. Huenda kwake baiskeli ni afadhali kuliko miguu, na Tanga kila mtu ana baiskeli: unapita, unatamka shikamoo, umeshapita. Huenda kumkabidhi mteja wa mama maandazi manne alfajiri, kukiwa bado giza na mteja ana haraka ya kazini, ni rahisi kuliko kukaa sebuleni na shangazi. Kabla ya kila jaribio aandike anachotarajia: "Watanicheka." Akirudi aandike kilichotokea. Jambo moja arudie hadi limchoshe ndipo aende la pili. Siku nyingine atarudi nyuma, hasa akiumwa au akipata neno baya. Msihesabu kuwa mmeanza upya.

Na kuna jambo ambalo familia zetu hulifanya, linaniudhi kweli. Kijana anajikaza, anatoka sebuleni mara ya kwanza, na nyumba nzima inapiga kelele: "He! Leo jua limechomoza magharibi! Mama, njoo umwone!" Kwa nia njema kabisa. Mnampa hasa alichokuwa anakiogopa, macho ya watu wote. Akitoka, msogezeeni kiti na chai, muendelee na mazungumzo yenu ya bei ya unga.

Haya yote yanakwenda vizuri zaidi kukiwa na mtaalamu. Neno "akili" linaogopesha, najua. Mkoa wenu una Lutindi kule Korogwe, hospitali ya magonjwa ya akili tangu enzi za Wajerumani, na watu wakisikia mtu ana tatizo la akili mawazo yanakimbilia huko. Hofu kama hii kwa kawaida hutibiwa mtu akitokea nyumbani, bila kulazwa. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili, na nenda wewe kwanza peke yako ukaeleze. Waombe siku na saa ambayo foleni ni fupi, uliza kama kuna anayeweza kuanza naye kwa simu au maandishi. Tiba ya mazungumzo inayofuata mpango ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Humo kuna zoezi ambalo mgonjwa anarekodiwa akiongea, kisha anajitazama kama anavyomtazama mtu baki, na mara nyingi anashangaa kuona tetemeko alilolihisi halionekani. Lakini hilo lifanywe na mtaalamu, kwa wakati wake. Usiende kuitafuta ile video ya chuo ukamwonyeshe.

Dawa zipo pia, kama sertraline, za kuandikiwa na daktari. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, haziachwi ghafla, na kwa walio chini ya miaka 25 wiki za mwanzo mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Yeye ana miaka 24, kwa hiyo mwambieni daktari ile kauli aliyomwambia mama. Diazepam za kununua dukani bila cheti achaneni nazo. Zinatuliza leo, zinazoesha kesho. Kuhusu kisomo na kombe, sioni sababu ya kugombana na mama. Shehe anayekuja nyumbani, anayesoma na kuongea naye taratibu, ni mtu mmoja zaidi aliyekaa naye chumba kimoja. Huyo ni msaada, mradi asimwambie aache hospitali.

Sasa wewe. Umeniuliza nani atamgongea na nani atamsemea ukienda Mbeya. Nakurudishia swali: lazima awepo wa kumsemea? Kuhama kwako kunaweza kumrudisha nyuma, hilo linawezekana na linahitaji kutazamwa. Kunaweza pia kuwa ndiyo sababu ya kuanza mapema kugawana mambo, kukiwa bado na miezi. Mwambie tarehe mapema, asije akaisikia ukutani. Muulize angependa nini kibaki kwako hata ukiwa mbali, na nini yuko tayari kukichukua. Pengine meseji zenu zibaki, na vocha ahamie kununua mwenyewe kwenye simu, kwa hela yake ya kadi. Usishangae ukijikuta unaumia akianza kutokuhitaji. Umemlea.

Kwa Baba Mdogo, sidhani kama jibu lipelekwe kwenye kikao mbele ya watu. Mwende wewe na mume wako, jioni, kabla kikao kijacho hakijakaa. Mshukuruni kwanza kwa yote aliyowafanyia, maana ni kweli. Kisha mwambieni kuna kazi ambayo ni yeye tu anaiweza: amtumie kijana meseji moja, isiyotaja harusi wala duka, ya kumwomba amtengenezee binti yake kadi, na amlipe kama anavyomlipa mtu mwingine.